Safu Yetu Ilikuwa Ndefu Kuliko Zote

Wiki iliyopita tulimzika mzee Arap Chumo. Nilikaa katikati ya wanawake wa rika langu, mvua ya alasiri ikigonga turubai, na upepo ukituletea kutoka kiwandani ile harufu ya majani ya chai yanayonyaushwa, harufu tamu iliyozidi, kama ya ndizi zilizosahauliwa ndani ya gunia. Mchungaji alisimama, akafunga mwavuli wake, akasema marehemu alikuwa mtu wa kugawa. "Hakuna boma kwenye kilima hiki," akasema, "ambalo watoto wake hawakunywa maziwa ya ng'ombe wa mzee huyu." Watu wakaitikia kwa sauti ya chini. Mama mmoja mbele yangu alifuta macho kwa ncha ya leso.

Mimi nilikaza meno. Mchungaji hakusema uongo hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma. Kwetu mtu akishalazwa ndani ya sanduku hasemwi, kwa hiyo nilinyamaza, nikala chakula cha msiba kama wengine, nikarudi nyumbani kwa miguu nikiwa nimelowa. Lakini hasira yangu haikukubali kuzikwa. Ninyi mliokuwa watoto pamoja nami, mliokaa chini kwenye sakafu ya udongo siku zile za Wazungu, mtanielewa. Kuna jambo lilitendeka katika uwanja wa shule yetu, na watu wazima waliolitenda walilitwika vichwani mwa watoto. Nimelibeba vya kutosha. Leo nalitua.

Boma letu lilikuwa upande wa Kiptere, mahali ambapo mashamba yetu ya mahindi na wimbi yaliishia na chai ya Mzungu ikaanza. Mpaka ulionekana hata na kipofu: huku kwetu ardhi ilikuwa na viraka, na kule ng'ambo ilikuwa kijani kimoja kilichokatwa sawasawa kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa. Mama alichuma chai huko. Alitoka kabla jua halijachomoza, akiwa amejifunga gunia kiunoni kujikinga na umande, na kwa sababu hiyo mdogo wangu wa mwisho aliacha ziwa mapema kuliko ilivyofaa. Mtoto yule aliishi kwa maziwa ya ng'ombe. Akikosa maziwa asubuhi alilia mpaka sauti ikawa kama mlango unaokwaruza, na mimi ndiye niliyembeba.

Maziwa hayakukosekana. Zizi letu lilikuwa na ng'ombe, na kila jioni Baba aliegemea mti wa lango akawaangalia wakiingia. Hakuwahesabu. Kwetu kitu chenye uhai hakihesabiwi. Ukimtaja mtoto au ng'ombe kwa idadi ni kama umemwita anayekuja kupunguza. Baba aliangalia rangi tu. Jicho lake lilipita juu ya migongo yao, na kama kulikuwa na pengo aliliona. "Tuiya hayuko," angesema, na kweli ng'ombe yule mweusi angekutwa amekwama bondeni. Nami nilijifunza vivyo hivyo. Niliwajua wote: Chelel mweupe, Tuiya, Chebirir mwekundu aliyekuwa na mimba, na wengine wote, kwa rangi zao, pembe zao na tabia zao mbaya.

Kitu nisichokijua, kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kumwambia mtoto, ni kwamba kati ya ng'ombe wote wale Chebirir peke yake ndiye aliyekuwa wetu. Alikuwa uzao wa ng'ombe ambaye Mama aliahidiwa siku ya harusi, aliposimama nje ya mlango wa Baba akakataa kuingia mpaka apewe ahadi. Wengine wote walikuwa wa Arap Chumo. Kwetu tajiri hawalundiki ng'ombe wake mahali pamoja. Anawatawanya kwa marafiki, huyu hapa, wale kule, ili ugonjwa ukiingia boma moja usimmalize. Rafiki anawachunga na kunywa maziwa. Ndama ni wa mwenyewe. Utaratibu huo tunauita kimanagan. Na adabu yake ni kwamba anayewachunga hasemi kamwe "ng'ombe wa fulani." Anasema "ng'ombe wetu," na mwenyewe akisikia hufurahi. Ukimwuliza mtu ng'ombe wale ni wa nani, hatakujibu. Ukiuliza tena, hakukaribishi tena.

Basi huo ndio ulimwengu ambao Mwalimu Wambui aliuingilia na vijiwe vyake.

Alikuwa msichana bado, binti wa mwenye duka aliyeuza chumvi na mafuta ya taa pale sokoni. Baba yake alikuwa ametoka upande wa Mlima kabla yeye hajazaliwa, kwa hiyo Wambui alikulia miongoni mwetu na kusema lugha yetu, ila aliisema kama mtu anayepima sukari, kila neno likianguka kwenye mizani. Miaka ile, kwa sababu ya vita vya msituni huko kwao, serikali ya Wazungu iliwataka watu wa kwao watembee na kibali, na hata mtoto mdogo alijua kwamba Mwalimu wetu, aliyeweza kumnyamazisha yeyote darasani kwa kuinua nyusi, aligeuka mtu mwingine kabisa akimwona askari barabarani.

Walimu wengine walitufundisha hesabu kwa kutuimbisha. Moja na moja, mbili. Mbili na moja, tatu. Na fimbo ikipiga meza. Mwalimu Wambui alitutoa nje. Siku ya kwanza alituambia kila mmoja alete jani. Tulileta majani ya kila aina, na ya chai yakawa mengi kupita yote, maana yalikuwa karibu. Akachora mstari mrefu kwa majivu chini uwanjani.

"Majani yanayofanana yakae pamoja," akasema. "Yaanzie kwenye mstari, yapande juu. Usiruke mahali."

Tukapanga. Safu ya chai ikapanda mpaka karibu na ua, na ya mparachichi ikabaki fupi, jani moja lenye huzuni.

"Sasa niambieni, majani gani ni mengi?"

"Ya chai."

"Nani amehesabu?"

Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa amehesabu.

"Mmejuaje basi?"

"Tumeona," akasema Kipngetich, mwana wa mwisho wa Arap Chumo, mtoto mnene aliyependwa na kila mtu kwa sababu alikuwa na kiazi mfukoni kila wakati.

"Mmeona," Mwalimu akasema, akatabasamu kana kwamba Kipngetich amempa zawadi. "Jicho limesoma. Hayo ndiyo ninayotaka."

Sijui kama mnaweza kuhisi lililotupata siku ile. Sisi tuliokatazwa kuhesabu viumbe nyumbani, na kuchapwa shuleni kwa kutojua kuhesabu, tulipewa njia ya tatu. Tuliweza kujua wingi bila kutamka idadi. Wiki nzima tukawa kama walevi. Tulipanga kila kitu. Tulipanga nani amekunywa uji asubuhi na nani amekunywa chai, kila mtu akiweka punje ya hindi mahali pake. Tulipanga siku za mvua na siku za jua kwa vijiti. Kipngetich alipoleta mawe makubwa ili safu yake ipande upesi, Mwalimu alichora vyumba vidogo kwa kijiti juu ya vumbi, vyote sawa, akasema kila kitu kina chumba kimoja, kiwe kikubwa au kidogo.

"Na mtu mnene je?" mmoja akauliza, akimwangalia Kipngetich.

"Chumba kimoja," Mwalimu akasema. "Abane pumzi."

Tulicheka mpaka mwalimu mkuu akatoa kichwa dirishani.

Kisha akatuambia tulete ng'ombe. Alisema hivyo hivyo, "Kesho leteni ng'ombe," na tulipopiga kelele akaeleza: kijiwe kimoja kwa kila ng'ombe anayelala nyumbani, na rangi ya kijiwe ifanane na rangi ya ng'ombe. Nilitoka shuleni mbio. Nilishuka mtoni nikachagua vijiwe jioni nzima, nikimwacha mdogo wangu amekaa kwenye nyasi akila udongo. Kumpata Chelel ilikuwa rahisi, kijiwe cheupe. Chebirir alinitesa. Nilitaka wekundu wake hasa, wekundu wa barabara baada ya mvua. Nilipompata nilimlamba ili aendelee kung'aa.

Kesho yake nilimwuliza Mwalimu kama ng'ombe mwenye mimba anapata vijiwe viwili.

"Ambaye hajazaliwa hana chumba bado," akasema. "Akizaliwa, mlete."

Tulipanga kwanza kwa rangi. Wekundu walipanda juu sana, weusi wakafuata, weupe wachache. Ulikuwa mchoro mzuri, na laiti tungeishia hapo. Lakini Mwalimu Wambui alikuwa mwalimu wa kweli na mwalimu wa kweli haishii mahali pazuri. Alituambia kila mmoja achukue vijiwe vyake, avipange upya, safu moja kwa kila boma.

"Vijiwe ni vilevile," akasema. "Tumebadilisha swali tu. Angalieni jinsi picha itakavyogeuka."

Ikageuka. Safu yetu ilikuwa ndefu kuliko zote. Ilipita ya kila mtu, ikatoka kwenye vyumba alivyochora, akalazimika kuongeza vingine. Na ya Kipngetich, mwana wa mtu tajiri kuliko wote kilimani, ilikuwa vijiwe viwili. Mimi nilidhani ni mashindano. Nilidhani tumeshinda. Nilisimama mwisho wa safu ile kama askari wa gwaride, na Kipngetich akaniambia kwa uchungu, "Sisi wetu wako wengi, ila hawalali nyumbani," na mimi nikamjibu, "Ng'ombe gani hao wasio na kwao?"

Ndipo chifu alipoingia uwanjani.

Alikuwa akifanya mizunguko yake, koti la kaki, kofia yenye beji, askari mmoja nyuma. Miezi ile kulikuwa na amri kutoka kwa Bwana Disii, Mzungu mkuu wa wilaya, kwamba ng'ombe wamezidi, wanamaliza nyasi, na mwenye wengi apeleke wengine mnadani. Chai ya Mzungu ilikuwa imekula malisho mpaka mlangoni petu, lakini waliomaliza nyasi wakawa ng'ombe wetu. Amri ilikuwa imemshinda chifu. Kila alipokwenda, mabomani hakukuwa na anayesema. Na sasa, chini ya jua la saa nne, watoto walikuwa wamemtandikia nchi nzima kwenye vumbi.

"Hii ni nini, Mwalimu?"

"Ni mchezo, Chifu. Watoto wanajifunza kupanga."

"Wanapanga nini?"

"Rangi," akasema. "Nyeusi, nyeupe, nyekundu. Watoto, hebu rudisheni vijiwe kwenye rangi zake. Upesi."

Tukaanza kuinama. Chifu akalaza fimbo yake juu ya safu zetu. "Ngojeni kwanza. Rangi gani imechanganyika namna hii? Wewe msichana, hii ndefu ni ya nani?"

"Ni yetu."

"Nyinyi ni wa nani?"

"Wa Arap Koech."

"Na hivi vijiwe ni nini?"

Nilimwangalia Mwalimu. Alitikisa kichwa, kidogo sana, na mimi nikamwelewa kama mtoto aliyelelewa vizuri: ananikumbusha nisitaje idadi ya viumbe. Basi sikutaja idadi. Nilitaja majina. Nilianza na Chelel nikashuka mmoja mmoja, nikionyesha kwa kidole cha mguu, mpaka kwa Chebirir, na niliyataja kwa sauti safi, kama ninavyotaja sala.

"Ng'ombe wenu hawa," akasema chifu.

"Ng'ombe wetu."

"Na hii fupi?"

"Yetu," Kipngetich akasema, akitazama chini.

"Baba yako ni nani?"

"Arap Chumo."

Chifu akacheka. Alicheka mpaka akavua kofia. "Kumbe mwenzangu ni fukara," akasema. "Nimetahiriwa pamoja na fukara mimi, na sikujua." Nilidhani anamcheka Kipngetich kwa kushindwa, nami nikacheka pamoja naye. Nilikuja kukielewa kicheko kile baadaye sana, nikiwa mtu mzima, na tangu nikielewe hakijaniacha. Chifu alikuwa mtu wa pale pale. Yeye na Arap Chumo walitoka jandoni pamoja, rika moja. Alijua kimanagan kama alivyojua njia ya kwake. Alijua kwamba safu ndefu kwa Arap Koech maana yake ni rafiki mwaminifu, na safu fupi kwa Arap Chumo maana yake ni utajiri uliolala mahali salama. Alisoma mchoro wetu sawasawa kabisa. Kisha akaamua kuusoma vibaya, kwa sababu ulikuwa na faida ukisomwa vibaya: mnadani angepeleka ng'ombe, Bwana Disii angeridhika, na mtu wa rika lake asingeguswa.

Mwalimu Wambui alijaribu. Nataka hilo lijulikane. Alimfuata chifu mpaka langoni. "Chifu, tafadhali. Kijiwe si ng'ombe. Mimi niliuliza wanalala wapi, sikuuliza ni wa nani. Hayo ni maswali mawili."

Chifu akageuka polepole. "Mwalimu, kibali chako kiko wapi?"

"Kiko ofisini."

"Kwa nini kiko ofisini na wewe uko hapa?"

Akaenda kukileta. Alitembea akiwa amenyoosha mgongo, na watoto wote tukamwona mtu aliyetufundisha kuona akitumwa kama mtoto. Aliporudi nacho, chifu alikuwa ameshaondoka.

Walikuja kwetu baada ya siku chache, asubuhi, kabla ng'ombe hawajafunguliwa. Mama hakuwa amekwenda kuchuma siku hiyo. Mtoto alikuwa na homa, amembeba mgongoni. Baba alisimama langoni mwa zizi.

"Arap Koech," chifu akasema, "nimesikia wewe ni tajiri."

"Nani amekuambia?"

"Mtoto wako. Tena mbele ya shule nzima."

Baba akaniangalia. Aliniita Kogo, yaani nyanya, kwa sababu nilirithi jina la mama yake, na alikuwa na namna ya kuniangalia kana kwamba kweli ni mama yake amerudi akiwa mfupi. Hata asubuhi ile aliniangalia hivyo.

"Chifu," akasema, "wewe si mgeni. Unajua ng'ombe wanavyolala."

"Ninachojua wanalala kwako. Kama si wako, taja mwenyewe. Nipe jina moja tu, nami nitatoka hapa niende kwake."

Baba akaushika mti wa lango.

"Basi nitasema mimi," Mama akasema kutoka mlangoni.

"Mama watoto, tulia."

"Sitatulia. Ng'ombe wa mlango wangu ataondoka kwa ajili ya adabu yako? Adabu inakamuliwa?"

"Sema, mama," chifu akasema kwa upole. "Ni wa nani?"

Mama alifungua mdomo. Akamwangalia Baba. Kilichopita kati yao sikukijua wakati ule, na leo nakijua kwa sababu nami nimeolewa: aliona kwamba akilitaja jina lile, Baba ataishi miaka yote iliyobaki akiwa mtu ambaye hapewi kitu kutunza. Akafunga mdomo. Akaingia ndani, na ndani tukamsikia akitupa sufuria.

Baba aliingia zizini. Alimpita Chelel. Alimpita Tuiya. Alitoka akimshika Chebirir sikioni, na Chebirir, mimba yake ikining'inia, akamfuata akidhani anapelekwa kwenye chumvi.

"Huyu?" chifu akasema. "Na wale wote umewaacha?"

"Huyu ndiye ninayeweza kumtoa."

Hapo ndipo mimi nilipojua kwamba wale wengine hawakuwa wetu. Mtu mzima yeyote angejua pia. Chifu alijua, maana aliangalia pembeni. Askari akafunga kamba. Wakampeleka, na hadi wanaipinda kona alikuwa bado anageuza kichwa.

Kilimani wakasema ni mdomo wa mtoto. Wanawake mtoni walinigeukia nilipofika. "Ndiye huyu," walisema, "shule imemlegeza ulimi." Wengine waliwatoa watoto wao. Mwalimu mkuu aliamuru uwanja ufagiliwe, na kuanzia siku ile Mwalimu Wambui akafundisha ndani, moja na moja, mbili, fimbo mezani, na alipofikia kumi alikuwa anaangalia dirishani. Alikuja kwetu mara moja, jioni, na chupa ya maziwa chini ya leso yake. Alimnyooshea Mama chupa akiwa bado amesimama.

"Kaa, Mwalimu," Mama akamwambia. "Wewe uliuliza, mtoto akajibu. Hakuna kati yenu aliyekosa."

Nimelishika neno hilo maisha yangu yote. Nilikuwa mtoto niliyeulizwa swali, nikalijibu kwa ukweli wote niliokuwa nao. Sikubali, na sitakubali, kwamba Chebirir aliondoka kwa ajili ya ulimi wangu. Aliondoka kwa sababu watu wawili wazima, wa rika moja, walijua ukweli na kila mmoja akaona ni afadhali sisi tuubebe mzigo. Maana Arap Chumo naye alisikia. Kilima kizima kilisikia. Alikuwa umbali wa kuita tu kutoka kwetu, na hakuita.

Alikuja mwenyewe mwezi haujaisha. Alikuja asubuhi na wanawe wakubwa wawili, fimbo mabegani, blanketi zuri la kahawia. Akamsalimu Baba kwa adabu zote, "Chamge," na Baba akaitikia.

"Arap Koech, umenitendea vyema. Nimesikia na sitasahau."

"Karibu ukae."

"Sitakaa. Tatizo ni hili. Boma lako sasa limejulikana. Chifu akirudi, hatarudi kwa sababu ya wako, atarudi kwa sababu ya wangu. Nimeona niwahamishe. Kuna mtu kule Ndanai amekubali kuwaweka."

Nilikuwa kando ya nyumba, mdogo wangu mgongoni, tayari kwenda kumtikisa alale ili niwahi shule. Nilingoja Baba aseme kitu.

"Ni ng'ombe wako," akasema.

"Ni wetu sote," akasema Arap Chumo kwa uungwana. "Unajua hivyo."

Sijui miguu yangu ilinifikishaje. Nilijikuta mbele yake, uso wangu kwenye upindo wa blanketi lake, mtoto akilia sikioni mwangu.

"Mzee," nikasema, "kwa nini hukumwambia chifu kwamba ni wako?"

Wanawe wakatazama kwato za ng'ombe. Mtoto wa kike hamwulizi mzee namna ile. Jambo hilo halikuwapo. Arap Chumo hakunitazama. Alimgeukia Baba akicheka kidogo, cheko la kumsaidia, la kumpa nafasi ya kuokota fimbo. "Koech, binti yako ameelimika. Hii ndiyo shule?"

Baba hakuokota kitu.

"Amekuuliza," akasema. "Mjibu mtoto."

"Arap Koech."

"Mjibu mtoto."

Arap Chumo akatengeneza blanketi begani. Akalitengeneza tena. Rangi ya uso wake ilibadilika, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba mtu mkubwa anaweza kutafuta pa kuweka macho na apakose. Kisha akawaambia wanawe wafungue lango. Ng'ombe wakatoka mmoja mmoja, wakipita katikati yetu, joto lao likinigusa mikono, naye akatoka nyuma yao bila kuaga. Zizi likabaki na matope na nzi.

Mama alitoka ndani, akanifungua mtoto mgongoni, akaingia naye. Baba alirudisha miti ya lango mahali pake, polepole, akiipanga sawasawa, ingawa hakukuwa na cha kufungia. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Utawauliza wakubwa tena, Kogo," akasema. "Sasa nenda shule. Umechelewa."